Hamira inavyozeeka: tengeneza modeli yake kwenye laptop

Huku Iringa hamira tunaijua kwa kazi ya kuchachusha ulanzi. Maabara zinaipendea jambo jingine: inazeeka, na kuzeeka kwake kunahesabika. Tutaiga uzeekaji huo kwa Python na NumPy, hadubini haihitajiki.

Hatua ya 1: chagua umri. Seli ya hamira huchipua seli binti. Umri wake hapa ni idadi ya mabinti iliowazaa kabla ya kukoma, wala si siku. Mwaka 1959 Mortimer na Johnston walionyesha kwamba idadi hiyo ina kikomo. Kwa hamira nyingi za maabara ni kama 25.

Hatua ya 2: mtandao. Hamira ina jeni zipatazo 6,000, na kama 1,000 kati ya hizo ni za lazima: ukifuta moja tu, seli haiishi. Weka m = 1000, idadi ya jeni za lazima, kisha kila moja ipe miunganiko minne na jeni nyingine, n = 4. Fikiria kijiji cha wilayani Makete chenye njia nne za kwenda sokoni: masika yakikata moja, watu wanapita nyingine. Zikikatika zote nne, hakuna pa kupita. Jeni moja ya lazima ikifikia hapo, seli imekufa.

Hatua ya 3: bahati nasibu. Si kila muunganiko huanza ukiwa mzima; uwezekano wa kuwa mzima ni p, weka p = 0.9. Kasi ya kukatika, lam = 0.003 kwa kila mgawanyiko.

```
import numpy as np
rng = np.random.default_rng()
nzima = rng.random((m, n)) < p
muda = rng.exponential(1/lam, (m, n)) * nzima
umri = muda.max(axis=1).min()
```

Mstari wa mwisho ndio modeli yenyewe: jeni huishi kadiri ya muunganiko wake unaodumu kuliko wote, na seli huishi kadiri ya jeni inayowahi kufa. Tazama vizuri: hakuna muunganiko unaozeeka. Hatari ya kukatika kwake haipandi kamwe. Kinachozeeka ni mtandao, kwa kuishiwa njia za akiba. Kwangu mimi, zoezi zima linafanywa kwa ajili ya hilo.

Hatua ya 4: rudia kwa seli 5,000. Karibu moja katika kumi itakuwa na umri 0, ziondoe. Nusu ya zilizobaki zife kufikia mgawanyiko wa 26 hivi. Ukipata jibu la ajabu, kagua `1/lam`: NumPy hutaka wastani wa muda, si kasi.

Hatua ya 5: chora logi ya kiwango cha vifo (sehemu ya seli zilizo hai zinazokufa kwa kila mgawanyiko) dhidi ya umri. Kanuni ya Gompertz ya 1825, inayosema hatari ya kufa huongezeka kwa uwiano uleule kadiri umri unavyosonga, inadai mstari ulionyooka. Wako utakaribia kunyooka mwanzoni, kisha utalala kidogo. Sasa weka p = 1. Nusu ya seli zitavuka 59, na vifo vitaanzia karibu na sifuri kisha vitapanda kwa mkunjo, kama kanuni ya Weibull, ambayo hatari ya kufa hufuata kipeo cha umri. Kumbe ule unyoofu ulitokana na ubovu wa kuzaliwa nao!

Hatua ya 6: jeni halisi. Kufuta FOB1 hurefusha maisha ya hamira. Kufuta SIR2 huyafupisha. Usikimbilie kubadili lam peke yake. Ukiipunguza kwa nusu, maisha yanakuwa marefu maradufu lakini umbo la mkunjo halibadiliki hata kidogo. Wastani pekee hautakuonyesha kama kilichoguswa ni lam, p au n. Linganisha mkunjo mzima wa vifo vya hamira halisi na wa modeli.