Pima Msokoto wa Mtutu Kabla ya Kununua Risasi

Mwaka 1955 kampuni za bunduki za Marekani, Winchester na Remington, zilitoa risasi mbili za kipenyo kimoja: .243 Winchester na .244 Remington. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye msokoto wa mtutu, yaani jinsi mifereji ya ndani inavyozunguka ili kuzungusha kichwa cha risasi. Mifereji ya Winchester ilikamilisha mzunguko kila inchi 10, ya Remington kila inchi 12. Wawindaji wa Marekani walitaka vichwa vya risasi vya greini 100 (greini ni kipimo cha uzito), na msokoto wa inchi 12 haukuaminika kuvituliza hewani. .244 ikadoda. Mwaka 1963 Remington wakairudisha kwa jina la 6mm Remington, safari hii na msokoto wa inchi 9.

Basi anza na mtutu, duka baadaye.

Hatua ya 1. Ondoa risasi zote, kagua chemba kwa macho na kwa kidole, kisha chomoa bolti.

Hatua ya 2. Tafuta maandishi kwenye mtutu. 1:9 maana yake ni mzunguko mmoja kila inchi 9.

Hatua ya 3. Hakuna maandishi? Chukua ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, ufunge kitambaa kinachobana. Kikishashika mifereji, tia alama upande wa juu wa ufito, pale unapoingilia. Sukuma polepole. Ufito ukimaliza mzunguko mmoja, pima umbali ulioingia. Rudia, maana kitambaa kikiteleza namba inakuwa kubwa kuliko ilivyo.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi wanapotea: kinachoamua ni urefu wa kichwa cha risasi kuliko uzito wake. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko chenye madini ya risasi ndani, hata vikilingana uzito. Kanuni ya mwanahisabati Mwingereza George Greenhill ya mwaka 1879 bado inafaa kukadiria inchi za mzunguko mmoja: 150 × kipenyo × kipenyo ÷ urefu, vyote kwa inchi. Kasi ikizidi futi 2,800 kwa sekunde, weka 180 badala ya 150. Kwa 180, kichwa cha kipenyo cha inchi 0.224 chenye urefu wa inchi 1 kinatoa karibu 9. Mtutu wa 1:12 haukiwezi, wa 1:9 uko ukingoni, wa 1:8 unakitosha.

Hatua ya 5. Piga tano kwenye karatasi. Tundu refu la ubavuni linaonyesha kichwa kinapinduka. Achana na risasi hiyo. Matundu yakiwa ya mviringo lakini yametawanyika, usilaumu msokoto kwanza: kaza skrubu za darubini, halafu jaribu risasi za aina nyingine.

Msokoto mkali kupita mahitaji hauna madhara makubwa, isipokuwa kwa vichwa vyepesi vya ganda jembamba, ambavyo kwa kasi kubwa huweza kupasuka kabla ya kufika.