Somo: vile sera ya sayansi na teknolojia hutengenezwa na serikali ya Kenya, na pale mtu wa kawaida aweza kutia mguu

Haya jamani, tangu nlalamike kuhusu ule mkutano wa maoni ya wananchi ukumbi wa Tononoka hapa Mombasa, mwaniuliza we wayajuaje haya mambo na hukusomea sheria. Kweli sikusoma, mie ni fundi simu, nna kijiduka Majengo, lakini miaka mitano hivi nimekuwa nikifuatilia makaratasi ya serikali sababu nlichoka kushtukizwa, yaani kila kitu cha teknolojia chatufikia mezani kikiwa kishaiva, sisi kazi yetu ni kula tu. Ntaandika hatua kwa hatua, nyengine ndefu nyengine fupi, mnivumilie.

Hatua ya 1: jua karatasi ulioshika ni ya aina gani

Hapa ndo watu wengi huanguka. Sera ni serikali yasema nia yake, peke yake haimfungi mtu. Mkakati ni mpango wa kazi, kama ule wa akili mnemba wa 2025 hadi 2030 uliozinduliwa Machi 2025, una maneno matamu lakini hakuna atakaekushtaki kwa kuuvunja. Sheria yapita bungeni. Kanuni zaandikwa na waziri chini ya sheria, na huko ndo kwenye uchungu wenyewe, sababu ada, leseni, fomu, masharti yote hukaa kwenye kanuni na hakuna redio itakusomea. Alafu kuna tangazo la waziri kwenye gazeti rasmi la serikali, hilo ndo hatari kabisa kwa mtu asiesoma.

Mwakumbuka majuala, ile mifuko ya plastiki, ilivopigwa marufuku 2017? Hakukuwa na mswada mpya. Waziri wa mazingira alitumia nguvu alizopewa na sheria ilokuweko, akatoa tangazo mwisho wa Februari, na tarehe 28 Agosti marufuku ikaanza. Miezi sita. Mamangu alikuwa auza mboga Kongowea, siku ile alikuwa na mabunda mawili ya majuala chini ya meza hayajafunguliwa, nkamuuliza kwani hukusikia, akanambia "nlikuwa nangoja bunge wakubaliane". Bunge gani mamangu, jambo lishapita.

Hatua ya 2: jua mlango wa kubisha

Hakuna ofisi moja ya "teknolojia". Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilitupa taasisi tatu: NACOSTI ya kusimamia na kushauri (ndo wenye leseni ya utafiti), KENIA ya ubunifu, na mfuko wa taifa wa utafiti. Lakini data iko kwa Kamishna wa Data, mbegu za GMO (zilobadilishwa jeni) ziko kwa mamlaka ya usalama wa viumbe, samaki na bahari waenda kwa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, hapo Mkomani na wizara yao. Na usimsumbue MCA wako (mjumbe wa bunge la kaunti) kwa kila kitu: Jedwali la Nne la Katiba lasema vyuo vikuu na taasisi za utafiti ni za serikali kuu, kaunti ina mambo kama afya, kilimo, uvuvi, vyuo vya ufundi vya mashinani. Ukimlilia MCA kuhusu KMFRI atakuitikia vizuri, apige picha na wewe, basi.

Hatua ya 3: fuata safari

Ya kitabuni ni hivi. Waziri aunda jopo, jopo laandika ripoti (ile ya blokcheni na akili mnemba ya Profesa Bitange Ndemo iliundwa 2018, ripoti ikatoka 2019), ripoti yazaa rasimu ya sera, rasimu yaenda kwa baraza la mawaziri, kisha mswada waandikwa, wachapishwa, wasomwa mara ya kwanza, waenda kamati ambapo wananchi watoa maoni, wasomwa mara ya pili, ya tatu, ukigusa kaunti waenda na Seneti, alafu rais ana siku 14 atie saini ama aurudishe.

Sasa ya kweli. 2018 kipengele cha kukusanya DNA na GPS ya nyumba ya mtu kilitiwa kwenye sheria ya usajili wa watu kupitia mswada wa "marekebisho mbalimbali", ile miswada yenye kubeba sheria chungu nzima kama matatu ya saa moja usiku, huyu kakalia huyu, huwezi jua nani kashika nini. 2019 tukapanga foleni ya Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho wa kidijitali, vidole tukatoa, na sheria ya kulinda data ikaja kutiwa saini Novemba 2019, yaani kufuli yanunuliwa mwizi ashapita sebuleni. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikaikata DNA na GPS, na hayo mengine ikasema yaendelee bora kuwe na mfumo kamili wa sheria. Kwa hivo ukiona mswada waitwa marekebisho mbalimbali usipite, ufungue, tafuta maneno "data", "leseni", "mfumo", "kidijitali".

Hatua ya 4: andika maoni, usiende kuongea tu

Hapa ntakaa kidogo. Ule mkutano wangu uliitwa na ofisi moja siitaji. Notisi nliiona jana yake kwenye simu ya mtu. Tuliambiwa saa tatu asubuhi, wakaanza saa tano. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza kurasa arobaini na kitu, nakala tatu ukumbi mzima, moja ilikuwa yatumiwa kupepea. Akasimama mzee akaongea kuhusu maji ya mfereji, mwengine taa za barabarani, watu makofi, soda ikaja. Nlipokwenda kutia sahihi nkachungulia daftari la karani: ameandika wananchi wameunga mkono. Wameunga mkono nini na hakuna aliesoma??

Tangu siku ile mie naandika. Mambo manne tu kwa kila kifungu: namba ya kifungu, chasema nini, mie nataka kiseme nini, na sababu. Tuseme (huu ni mfano wa kubuni, msianze kusambaza) kuna kanuni za mafundi simu:

Kifungu 7(2) chasema fundi aweke kopi ya kitambulisho cha mteja kwa miaka mitano. Nataka kiseme aandike jina na namba ya simu, na avifute miezi mitatu baada ya mteja kuchukua simu yake. Sababu: duka langu ni meza moja na droo ya kufuli ya shilingi mia, vitambulisho vya watu elfu humo ndani ni hatari kwao kuliko faida kwa serikali.

Umeona? Hukutukana mtu, hukusema "serikali itusaidie". Umempa anaeandika sheria sentensi ya kuchukua. Wale makarani wa kamati wamechoka kama sisi, ukiwapa sentensi ilokaa sawa wana sababu ya kuiweka kwenye ripoti. Na ile droo, usiiache nje, sababu yule wa Nairobi anaeandika hajawahi kuiona droo yako.

Weka jina, tarehe, sahihi, tuma kwa anwani ilio kwenye notisi kabla siku haijapita, alafu chapa kopi mbili upeleke mkononi, moja ubaki nayo ilopigwa mhuri. Bila mhuri hukuandika kitu.

Hatua ya 5: pesa

Fupi lakini chungu. Ile sheria ya 2013 yasema mfuko wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Uchumi wa 2023 ulikuwa trilioni 15 hivi za shilingi, asilimia 2 yake ni bilioni 300. Mfuko haujaona hata robo ya hiyo. Sheria iko, saini iko, pesa hamna. Kwa hivo shika kalenda: taarifa ya sera ya bajeti yafika bungeni kufikia 15 Februari, makadirio 30 Aprili, na kaunti mpango wao wa mwaka ni 1 Septemba. Ukienda Juni wewe waenda kutazama.

Hatua ya 6: wakikunyima karatasi

Kifungu 35 cha Katiba na sheria ya kupata habari ya 2016 vyakupa haki ya kuiomba. Andika barua, wana siku 21 kukujibu. Usieleze wataka ya nini, hulazimiki.

Haya ulizeni.

MASWALI

Mtoto wa Likoni: Ami shkamoo. Mie kizungu cha sheria hakiniingii kabisa, naweza kuandika kwa Kiswahili ama watanicheka?

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Andika Kiswahili, Kifungu cha 7 cha Katiba chasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, zote mbili. Wakicheka wacheke wakiwa wapiga mhuri.

Mama Chuma: Kaka hii mahindi ya GMO iliamuliwa na nani hasa, wanasayansi ama wanasiasa? Maana mara marufuku mara ruhusa.

*Jibu:* Dadangu, mamlaka ya wataalamu ipo kwa sheria ya 2009, lakini marufuku ya 2012 ilitoka kwa baraza la mawaziri na kuondolewa Oktoba 2022 pia ni baraza la mawaziri, kisha watu wakaenda kortini. Mwanasayansi ashauri, waziri aamua, jaji aamua tena. Mie binafsi sina shida na mahindi, shida yangu ni kuamuliwa bila kuulizwa.

Bakari wa Kilifi: Wacha nikwambie ukweli bro, haya yote ni kazi bure, wao huwa washaamua. Tazama Uyombo huku Kilifi, na kile kinu cha nyuklia walichopangiwa.

*Jibu:* Haswa tazama Uyombo. Wale walisimama mapema, wakapinga, 2024 wakaandamana hadi wakapigwa mabomu ya machozi, na mradi mkubwa kama ule kisheria wahitaji tathmini ya mazingira, ambayo nayo lazima umma uulizwe. Sisemi twashinda kila mara. Ile sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 vifungu 26 vilisimamishwa na korti, tukafurahi weee, Februari 2020 korti hiohio ikavirudisha. Lakini DNA je? Ile ilitoka.

Fatma_TUM: Nafanya tasnifu kuhusu wavuvi wa Kibokoni na simu zao, supavaisa hajataja leseni yoyote. Yanihusu?

*Jibu:* Yakuhusu sana. Ingia kwenye mtandao wa NACOSTI uombe kabla hujahoji hata mmoja, muulize na supavaisa barua ya kamati ya maadili ya chuo. Usingoje.

Kombo wa Majengo: Jirani, na ule mhuri wa maoni yako ya Tononoka, walikupa mwisho?

*Jibu:* Siku ya kwanza nlifika saa saba nkaambiwa mwenye mhuri ameenda kula. Nkakaa kwenye benchi hadi saa kumi. Siku ya pili nkaenda na chapati mbili na thamosi ya chai, nkakaa benchi lilelile, nusu saa haikufika mhuri ukapatikana. Ulikuwa kwenye droo, Kombo, tena droo yenyewe haina kufuli.