Kufunga filta ya kanista kwenye tenki la samaki: anzia bafuni, usianzie sebuleni

Wakuu, kama una tenki la lita mia mbili na kuendelea afu bado unatumia ile filta ndogo ya ndani inayonata kwenye kioo, najua unachopitia. Kila baada ya siku nne unaitoa imejaa tope, unaiosha, kesho kutwa maji yamechafuka tena. Tenki langu ni sm 120 kwa 40 na kimo chake 50, yani lita 240, lipo sebuleni Tabata na ndani kuna mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wazuri sana kwa rangi ila wanakula muda wote na kuchafua muda wote. Nilipohamia kwenye kanista ndo nikaanza kuona vizuri mawe ya upande wa pili.

Kanista yenyewe ni kama ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, inakaa kabatini chini ya tenki. Maji yanashuka yenyewe kwa mpira mmoja, yanapita kwenye sponji na pete za udongo wa kuchomwa, afu pampu iliyopo kwenye kifuniko inayarudisha juu kwa mpira wa pili. Ukielewa hapo kwamba pampu kazi yake ni kurudisha tu na anayeshusha maji ni mteremko, matatizo nusu umeshayamaliza, maana wapo wanaoiweka kwenye stuli pembeni, karibu usawa mmoja na tenki, afu wanashangaa haivuti. Iweke chini kabisa.

Kwenye kununua sitakaa sana. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, lita kadhaa kwa saa, mara nyingi imepimwa kanista ikiwa tupu, ukishajaza sponji na mipira ikapanda mita moja inapungua sana tu. Kwa mbuna mimi natafuta maji yazunguke mara tano sita kwa saa kwa hesabu ya namba ya boksi, kwahiyo lita 240 nachukua ya 1200 mpk 1500. Ila sio sheria ya dunia nzima, Eheim wa Ujerumani kwenye ile Classic 250 yao wanasema lita 440 kwa saa zinatosha tenki la hadi lita 250, kwa samaki wachache wapole nakubaliana nao kabisa. Kama kati ya mbili unasita, chukua yenye tumbo kubwa kuliko yenye pampu kali. Tumbo ndo linabeba bakteria wanaosafisha maji.

Sasa bafuni. Kabla haijagusa kabati la sebuleni, ijaribu bafuni, weka ndoo ya lita 20 iliyojaa juu ya kitu kirefu, kanista sakafuni, mipira yote miwili ndani ya ndoo, iache itembee saa kadhaa. Nasema hivi kwa sababu ya kwangu ya kwanza niliifunga moja kwa moja kwenye tenki, nikaona oringi ya kifuniko, ule mpira wa duara unaozuia maji yasivuje, ni kavu nikaipaka mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini. Ikakaa vizuri kama miezi miwili. Usiku mmoja saa nane naamka kwenda chooni nakanyaga maji, kabati limelowa, maji yamefika hatua moja tu toka ekstensheni ya umeme. Oringi nilipoitoa ilikuwa imevimba, imekuwa laini na ndefu kuliko mfereji wake, hairudi tena mahali pake. Mafuta ya petroli yanakula mpira, wakuu. Grisi ya kutumia ni ya silikoni, kidogo tu, unapitisha kidole mzunguko mzima mpk oringi ing'ae, na kabla hujaibana angalia kama kuna hata chembe moja ya mchanga kwenye mfereji, chembe moja inatosha kuvujisha.

Ndani ya vikapu. Kwanza jua maji yanaingilia wapi, usifate picha ya mtu mwingine. Kanista nyingi maji yanashuka pembeni mpk chini afu yanapanda kupitia vikapu, kwahiyo kikapu cha chini ndo kinakutana na uchafu wa kwanza, hapo unaweka sponji ngumu yenye matundu makubwa. Inayofata ni sponji laini, juu yake pete za udongo, na mwisho kabisa kama unataka maji yang'ae weka tabaka jembamba la pamba ya filta. Kama yako maji yanaanzia juu, geuza mpangilio wote. Ukianza na pamba itaziba ndani ya siku tatu na pampu italia. Pete zioshe kwanza mpk maji ya beseni yatoke safi, zinakuja na vumbi jingi. Na mkaa wa filta? Mimi siweki kila siku, naweka nikitaka kutoa dawa kwenye maji baada ya tiba, na wakati wa tiba yenyewe lazima mkaa utolewe maana utanyonya dawa yote kabla ya samaki.

Mipira nayo ina mambo yake. Pima, kata fupi iwezekanavyo, isining'inie ikafanya tumbo, maana kwenye tumbo lile hewa inajificha na mtiririko unakufa. Kama mpira haupandi kwenye bomba la koki chovya ncha yake kwenye maji ya moto dakika moja, utalainika na kuingia wenyewe mpk mwisho, usilazimishe ukavunja koki. Bomba la kunyonya lishuke karibu na mchanga lakini lisiuguse. Bomba la kurudishia, lile refu lenye vitundu, mimi nalilaza usawa wa juu wa maji, vitundu vikiangalia juu kidogo mpk uso wa maji utikisike. Maji ya Dar yana joto, na maji ya joto yanabeba oksijeni kidogo, ule mtikisiko ndo pumzi ya samaki wako. Kuna faida nyingine, siku mpira wa kurudisha ukichomoka, maji ya tenki yanayorudi nyuma kwa upande ule yataishia pale pale juu.

Kuwasha: usichomeke umeme kwanza. Tafadhali. Fungua koki zote mbili, kama ina kitufe cha kupampu bonyeza mara kadhaa, kama haina jaza kanista maji kwa jagi kabla ya kufunga kifuniko, na mpira wa kunyonya nao uwe na maji. Utasikia gluku gluku gluku, maji yanateremka na hewa inatokea juu kwenye bomba la kurudishia, subiri mpk sauti ikatike kabisa. Ndo uchomeke. Pampu ikizunguka kavu inaua impela, ile feni ndogo inayosukuma maji, na kile kimhimili chake cha seramiki, na hiyo spea kuipata kwetu ni kazi. Ukisikia inakoroma baada ya kuwasha ni hewa imebaki, ishike kanista kwa mikono miwili uiinamishe taratibu kulia na kushoto, utaona mapovu yanatoka juu, mlio unapotea. Waya wa umeme uache uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone likitembea kwenye waya lidondokee sakafuni lisiingie kwenye soketi.

Afu tandika gazeti kavu chini ya kanista, liache usiku mzima. Kitambaa kinaficha tone, gazeti halifichi, tone moja linaacha duara jeusi na unajua kabisa limetokea upande gani.

Hapo filta imefungwa ila haijawa hai, na hapa ndo samaki wengi wanafia. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula vinatoa amonia, bakteria wa aina moja wanaigeuza naitraiti, wengine wanaigeuza naitreti ambayo sumu yake ni ndogo sana na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria hawaji na boksi. Wanachukua kama wiki nne mpk sita kujaa kwenye zile pete, na kwa mbuna wanaopenda pH (kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji) ya 8 hivi hatari ni kubwa zaidi kwa vile pH ikipanda amonia ile ile inakuwa kali zaidi. Tenki likiwa jipya tia chakula kidogo kila siku bila samaki kioze, pima mpk amonia na naitraiti zote zisome sifuri. Njia ya mkato ninayoiamini ni moja tu, omba kwa mwenzio mwenye tenki zima, lisilo na ugonjwa, sponji yake chafu uiweke kwenye kanista yako. Kama una filta ya ndani ya zamani usiitoe, ziache zote mbili zifanye kazi pamoja mwezi mzima.

Ndo maana sponji na pete hazioshwi kwa maji ya bomba, klorini inaua bakteria wote uliowasubiri. Chota maji ya tenki kwenye beseni, kamua humo, rudisha.

Na umeme. Ukikatika, kanista imefungwa haipati hewa, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo ndani afu wanaanza kufa, maji yaliyobaki mule yananuka kama yai viza. Umeme ukirudi baada ya saa nne tano na pampu ikajiwasha yenyewe, ile sumu yote inaingia kwa samaki. Kwahiyo mimi ukikatika kitu cha kwanza nachomoa plagi. Ukirudi mapema nachomeka. Ukichelewa nafunga koki, namwaga maji ya ndani, nasuuza kwa maji ya tenki, ndo nawasha. Mwenye inverta amebarikiwa, pampu ya wati 25 ni mzigo mdogo, betri nzima ya ah 100 inaibeba usiku kucha.

Kusafisha kwangu ni kila baada ya wiki sita hivi, sponji tu, pete naziacha mpk nione zimezibwa na tope, na sifanyi vyote siku moja. Kwenye kifuniko nimebandika kipande cha selotepu nimeandika kwa maka peni tarehe ya mwisho kufungua na tarehe niliyobadilisha oringi, mtiririko ukianza kulegea nainama naangalia hapo kwanza.