Kuhakiki Riwaya ya Filamu: Anza na Ukurasa wa Hatimiliki

Riwaya ya Star Wars ilitoka mwishoni mwa 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu yenyewe kuingia kumbini Mei 1977. Katika riwaya, shujaa Luke Skywalker anaruka vitani na kikosi cha bluu. Katika filamu kikosi chake ni chekundu. Mhakiki asiyezijua tarehe hizo ataandika kwamba mwandishi kakosea. Hakukosea. Alifuata skripti aliyopewa, filamu ikabadilika baadaye. Lawama nyingi zinazotupiwa riwaya za filamu, tamthilia na gemu zinaanzia hapo: kitabu kinapimwa kabla ya mpimaji kujua mwandishi alikabidhiwa nini na alikatazwa nini.

Kabla ya sura ya kwanza

Fungua ukurasa wa hatimiliki, ule ambao wengi huuruka. Angalia nani anamiliki kitabu. Likiwa ni jina la studio au kampuni ya gemu badala ya mwandishi, basi hii ni kazi ya kuagizwa. Kwa kawaida mwandishi hutoa kwanza muhtasari ukapitishwa, na mswada unapokamilika kampuni huupitia tena. Angalia pia mwaka wa toleo la kwanza, si mwaka wa chapa uliyoishika, kisha uulinganishe na tarehe ya filamu. Halafu tafuta mstari unaosema kitabu kimetokana na skripti ya nani. Usipokuwepo, huenda umeshika hadithi mpya kabisa.

Jalada halitoshi kuwa ushahidi. Ile riwaya ya 1976 ina jina la George Lucas, mwongozaji wa filamu, juu yake, ilhali aliyeiandika ni Alan Dean Foster. Ukimsifu au kumlaumu mtu kwa sentensi zilizomo, hakikisha ni yeye aliyezitunga.

Ukimaliza hapo utajua kitabu kiko kundi gani. Kuna skripti iliyogeuzwa kuwa riwaya. Kuna hadithi mpya inayotembea ndani ya ulimwengu uliokwisha kujengwa, kama Heir to the Empire ya Timothy Zahn (1991). Na kuna kesi za nadra ambapo riwaya na filamu zimekua pamoja. 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 ndiyo mfano unaojulikana zaidi: kitabu cha Arthur C. Clarke kinasafiri hadi Zohali, filamu ya Stanley Kubrick inaishia Mshtarii, kwa sababu mafundi wa filamu hawakufanikiwa kutengeneza pete za Zohali zikaridhisha. Kuuliza ipi kati ya hizo mbili imeikosea nyingine ni kupoteza wino.

Tahadhari kwa wanaonunua vitabu vya mitumba: filamu moja inaweza kuwa na riwaya ya watu wazima na nyingine ya watoto, zote zikiwa na picha ileile ya jalada. Ya watoto huwa nyembamba, mara nyingi chini ya kurasa 200, na pengine ina picha za rangi katikati. Ukiihakiki hiyo ukidhani ni ya wakubwa utalalamika kwamba wahusika hawana kina, na utakuwa umeionea. Kwa vitabu vya kusikiliza, fanya hesabu. Msomaji wa kawaida husoma takribani maneno 9,000 kwa saa, kwa hiyo riwaya ya maneno 90,000 inahitaji kama saa 10. Ukiona saa tatu, hiyo imefupishwa; usiitumie kuhukumu msuko.

Kinahesabika au hakihesabiki?

Mashabiki hugombana sana kama riwaya ni sehemu ya historia rasmi ya ulimwengu wa filamu, na kwa mhakiki jambo hili lina uzito mdogo kuliko wanavyodhani. Tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm ilitangaza kwamba riwaya za Star Wars zilizokwisha kutoka haziingii tena katika historia rasmi ya ulimwengu huo. Zikichapishwa upya zinabeba neno Legends juu ya jalada. Star Trek nayo imezoea kutozihesabu riwaya zake kabisa. Mwambie msomaji wako hali ya kitabu kwa sentensi moja, kisha songa mbele. Thrawn, adui aliyebuniwa na Zahn mwaka 1991, aliondolewa katika historia rasmi 2014, na kufikia 2016 alikuwa amerudishwa kupitia tamthilia ya katuni. Ubora wa kile kitabu cha kwanza haukupanda wala kushuka kwa maamuzi hayo ya ofisini.

Jambo lenye uzito ni mpangilio. Kitabu kiko kabla ya filamu ipi, baada ya ipi, na je, ni cha kwanza katika mfululizo? Riwaya nyingi za Star Wars huweka orodha ya mpangilio wa matukio kwenye kurasa za mwanzo. Kwa mfululizo mwingine itabidi utafute. Usihakiki kitabu cha pili cha trilojia kana kwamba kinasimama peke yake, halafu ukamlaumu mwandishi kwa kutofunga mafundo.

Namna ya kusoma

Kama ni riwaya iliyotokana na skripti, tazama filamu kwanza, tena kwa sauti zake za asili. Aliyeizoea filamu kupitia masimulizi ya DJ Afro, Mkenya anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, ana filamu nyingine kichwani, yenye majina, matani na sababu ambazo hazimo kwenye skripti. Ni burudani safi, lakini si kipimo cha kulinganishia.

Chora karatasi safu tatu: kilichoongezwa, kilichoondolewa, kilichobadilishwa. Kila ukiandika kitu, weka sura na ukurasa upande mmoja, dakika ya filamu upande wa pili. Ukisomea kwenye simu, andika sura na asilimia, kwa maana kurasa hubadilika ukikuza herufi. Usiandike kila tofauti ndogo. Nguo ya rangi nyingine haikusaidii kitu. Andika inayogusa nia ya mhusika, mpangilio wa matukio au mwisho.

Kwa nini safu hizo? Skripti ya filamu ya saa mbili ina kurasa kama 120, ukurasa kwa dakika, na kurasa hizo zina nafasi nyingi tupu. Riwaya ya kurasa 300 inahitaji maneno mara tatu au nne ya hayo. Yote ya ziada ni kazi ya mwandishi: mawazo ya wahusika, harufu ya chumba, yaliyotokea kabla mlango haujafunguliwa. Safu ya kwanza ndiyo itakayokuonyesha kama yupo au hayupo.

Safu ya pili na ya tatu zisome kwa uangalifu. Tukio lililomo kitabuni na halimo kwenye filamu si lazima liwe ubunifu wa mwandishi. Mara nyingi lilikuwemo kwenye skripti likakatwa wakati wa uhariri. Riwaya ya Alien (1979), nayo ya Foster, ina tukio la nahodha Dallas akiwa amefungwa ndani ya kifuko cha kiumbe. Watazamaji wa 1979 hawakuliona kumbini, na lilirudi katika toleo la mwongozaji la 2003. Ndani ya kitabu hichohicho kiumbe chenyewe kinaelezwa kwa ukungu mtupu. Foster amesema studio haikumwonyesha kinavyofanana. Ukijua hilo, swali lako linabadilika: huulizi kwa nini hakieleweki, unauliza kama huo ukungu unatisha.

Kwa hadithi mpya fanya kinyume. Soma kurasa 50 za mwanzo bila kufungua ensaiklopidia ya mashabiki, hata ukutane na jina usilolijua. Weka alama pale tu unapopotea. Alama zikizidi tano au sita, mwandishi amewaandikia wanaojua tayari, na hilo lazima msomaji wako alisikie. Zikiwa mbili, amefanya kazi ya ukaribishaji vizuri.

Unapima nini hasa

Sauti ya wahusika kwanza. Chagua ukurasa wa majibizano, funika majina, soma kwa sauti. Kama humtambui Spock wa Star Trek kwa namna anavyojibu, kuna tatizo. Lakini kuna tatizo la upande wa pili pia: mhusika anayerudia misemo ya filamu kila baada ya kurasa chache. Huko ni kuiga, na huchosha upesi.

Pili, hatari imewekwa wapi? Mwandishi wa hadithi mpya mara nyingi hawezi kumuua mhusika mkuu, kumwoza wala kumkata mguu. Filamu inayofuata inamhitaji mzima. Msomaji naye analijua hilo, kwa hiyo risasi zinazomkosa hazimtishi mtu. Waandishi wazuri huhamishia hatari kwa wahusika waliowabuni wenyewe. Zahn alifanya hivyo na Mara Jade: hakuna filamu iliyomdai, hivyo chochote kingeweza kumpata. Kwa riwaya ambayo mwisho wake dunia nzima inaujua, tazama kama mwandishi amehamisha mvutano kutoka “nini kitatokea” hadi “inakuwaje mtu akafika hapo”. Riwaya ya Revenge of the Sith ya Matthew Stover (2005) inasimama kwa sababu hiyo. Katikati ya vita inasimamisha usimulizi na kumwingiza msomaji ndani ya kichwa cha Anakin, shujaa anayegeuka kuwa mwovu Darth Vader.

Kwa riwaya za gemu, tafuta mahali kanuni za mchezo zinapochungulia. Katika Dungeons & Dragons ya zamani, gemu ya mezani inayochezwa kwa kete, mchawi akishatumia uganga wake anausahau na lazima aukariri upya. Dragonlance, iliyoanza 1984 mikononi mwa Margaret Weis na Tracy Hickman, haikuificha kanuni hiyo bali ilimjengea mtu juu yake: Raistlin, mwenye mwili dhaifu anayekohoa na kuishiwa nguvu kila akitumia uganga. Hapo kanuni imekuwa tabia. Pale ambapo unasikia kete zikiviringika, andika hivyo.

Usisahau kitabu kilitoka kwa ajili ya nani. Riwaya fupi za Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya BBC, zilizochapwa na Target kuanzia 1973, zilisomwa na watoto wa Uingereza ambao hawakuwa na kanda za video nyumbani, na vipindi vingi vya miaka ya 1960 BBC ilikuwa inavifuta. Kitabu ndicho kilichobaki cha kipindi. Kulalamika kwamba Terrance Dicks, aliyeandika nyingi kati ya riwaya hizo, anasimulia kwa haraka bila mapambo ni kudai asichoagizwa.

Kuandika

Maneno 600 hadi 800 yanatosha. Aya ya kwanza ibebe taarifa: jina, mwandishi, mwaka, toleo ulilosoma, kundi la kitabu, na nini msomaji awe ametazama kwanza. Muhtasari usivuke robo ya kitabu. Kama ni riwaya ya filamu iliyokwisha kuonwa na wengi, unaweza kuufupisha hadi sentensi mbili. Hoja inayohitaji kufichua mwisho ipeleke chini kabisa, na utoe onyo mstari mmoja kabla.

Uhakiki wa shuleni, ule wa fani upande huu na maudhui upande ule, haufai hapa. Unamlazimisha mhakiki ajaze kila kisanduku hata pale kitabu hakina cha kusema. Chukua mambo mawili au matatu kutoka kwenye safu zako, kila moja na mfano wake, mengine yaache. Na jihadhari usije ukaihakiki filamu. Ukiona aya nzima haina nukuu wala tukio kutoka kitabuni, ifute.

Majina ya watu na sayari yaache kama yalivyo. Vitu vingine ukivipa jina la Kiswahili, mfano upanga wa mwanga, tumia hilohilo hadi mwisho.

Ukitoa nyota, toa alama mbili: moja ya anayeijua filamu au gemu, nyingine ya asiyeijua. Kitabu kinaweza kustahili nne kwa wa kwanza na mbili kwa wa pili, na wastani wa tatu usingemfaa yeyote kati yao.