Una ndugu Marekani analea wazee majumbani? Mpe hii
Jamani wa Tanga, kama una dada au binamu huko anatunza wazee majumbani na ana grinikadi, mwambie kabla ya kukopa ada ya chuo ajaze FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa masomo, ni bure kabisa, anayemdai hela ya fomu amkwepe, kama kipato kidogo na hana digrii anaweza pata Pell Grant, hela ya msaada wa masomo toka serikalini, na hiyo hairudishwi. Mkopo wa masomo wa serikali kuu anao tayari? Basi aangalie mwajiri wake kwanza, hapa ndo panauma sana, PSLF, mpango wa serikali kwa wanaofanya kazi za umma, inasamehe deni baada ya malipo 120 ukifanya kazi angalau masaa 30 kwa wiki serikalini au kwenye shirika lisilo la faida, ila wakala wa kuajiri walezi anayefanya biashara ya faida hahesabiwi hata kazi iwe ileile. Fomu ya PSLF ya kuthibitisha mwajiri aitume kila mwaka.