Umejuaje? Namna ya kuanza kuandika hadithi ukiwa bado mdogo

Hadithi yangu ya kwanza niliiandika nyuma ya daftari la madeni ya mama. Mama alikuwa akianika dagaa Igombe na kuwauza Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kurasa za mbele zilikuwa na majina ya wateja na sado walizokopa. Mimi niligeuza daftari juu chini, nikaanzia ukurasa wa mwisho. Nilikuwa darasa la sita. Niliandika zaidi siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi haziwavuti dagaa, mitumbwi hulala ufukweni na chanja hukaa tupu. Mama akipumzika, nami napata kalamu.

Nakuandikia wewe mwenye miaka 12 au 17, unayeandika ukurasa mmoja usiku kisha asubuhi unauchana. Kila Jumamosi vijana kama wewe huja barazani kwangu Kitangiri na madaftari yao, na wengi hufika na daftari lililobaki majalada na karatasi chache. Karatasi zile zilizochanwa zinaniuma. Huenda ndani yake kulikuwa na sentensi moja nzuri, na sasa hakuna pa kuitafuta.

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, ya kawaida. Daftari la bei kubwa linaogopesha, utakaa unasubiri jambo linalostahili kuandikwa humo. Tumia kalamu ya wino, achana na penseli na ufutio. Ukikosea piga mstari mmoja juu ya neno, lakini liendelee kusomeka, maana mara nyingi nimerudi kulichukua neno nililolikata. Simu nayo inafaa, mradi usifute. Weka tarehe juu ya kila ukurasa. Vifaa vimeisha, hakuna kingine cha kununua.

Sasa cha kuandika. Hadithi nyingi ninazoletewa mara ya kwanza huanza na mfalme wa zamani za kale, au na msichana tajiri anayeishi kwenye ghorofa yenye bwawa la kuogelea. Sina ugomvi na mfalme. Ila mtoto wa miaka 13 hajui mfalme anaamkaje, anakasirikaje, viatu anavivulia wapi. Akifika ukurasa wa pili anaishiwa, na hapo ndipo anasema, "Sina kipaji." Alichokosa ni vitu vya kushika. Kwa hiyo anza na kazi ya mikono uliyoiona kwa macho yako. Muuza sangara anavyopasua tumbo la samaki na kulitoa bondo, kile kifuko chake cha hewa, bila kulitoboa, kwa sababu bondo zima ndilo lenye bei. Kondakta wa daladala ya Buhongwa anavyozikunja noti katikati ya vidole. Mama wa Mabatini anavyopanda mawe na ndoo ya maji kichwani, mguu unavyolitafuta jiwe kabla hajaliona.

Au andika jambo linaloondoka. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3, na gari linapita kwa dakika chache mahali ambapo watu walikuwa wakisubiri kivuko. Ni jambo jema kabisa, hasa ukiwakumbuka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni ile. Lakini foleni ile ilikuwa na watu wake: wauza mayai ya kuchemsha, wauza karanga, abiria waliofahamiana kwa kusubiri pamoja. Walivyokuwa wakiitana, nani ataandika? Wewe uliyewahi kuvuka na shangazi yako kwenda Sengerema unayo hadithi hiyo tayari.

Siku moja mama alizikuta zile kurasa zangu alipokuwa akitafuta deni la mteja. Nilijua nimekwisha. Mama husoma polepole, kidole kikitangulia chini ya maneno. Kidole kikasimama kwenye sentensi hii: "Siku hiyo mama yangu alichoka sana."

"Umejuaje?" akaniuliza.

Nikamwambia nilimwona.

"Uliona nini?"

Ilibidi nifikiri. Nikamwambia: uliitua ndoo mara tatu kabla ya kufika kwenye chanja, na siku zote huwa hutui hata mara moja.

"Basi andika hiyo," akasema, akaligeuza daftari upande wake, akaendelea kulitafuta deni.

Sijawahi kufundishwa jambo kubwa kuliko hilo kuhusu uandishi, na sasa nakupa wewe. Ukimaliza hadithi, pita juu yake na swali hilo. Kila palipo na alichoka, alifurahi, aliogopa, maskini, mzuri, jiulize: umejuaje? Jibu lake ndilo la kuandika. Mtu "mwenye hasira" atageuka mtu anayefunga geti kwa mguu. Usifanye hivyo kwa kila neno, hadithi itakuwa nzito kama gunia lililonyeshewa. Chagua sehemu mbili au tatu katika ukurasa, zile zenye uzito, nyingine ziache zipite kwa neno moja.

Sasa nije kwenye kujidharau, maana hapo ndipo wengi wanapoishia.

Mwaka uleule, mwalimu mmoja aliisoma insha yangu mbele ya darasa. Nilikuwa nimeandika kwamba bibi alitupikia michembe. Akalizungushia neno hilo wino mwekundu, akasema hakuna neno la Kiswahili kama hilo, na kwamba sisi tuliotoka vijijini Kiswahili hatutakiweza. Darasa zima likacheka. Nilikaa miaka miwili bila kuandika chochote kisichokuwa cha shule.

Nilikuwa mtu mzima nilipoiona tofauti kati ya maneno yale na swali la mama. Wote wawili walitilia shaka maandishi yangu. Mwalimu alisema juu yangu: mimi ni nani, natoka wapi, sitaweza. Mama alisema juu ya sentensi. Shaka ya mwalimu haikuwa na pa kushika, kwa sababu siwezi kuzaliwa upya mahali pengine. Shaka ya mama niliirekebisha jioni ileile kwa mstari mmoja wa wino.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukurasa wa mwisho wa kaunta buku uuachie woga wako. Ukikujia, uandike neno kwa neno: "Sina kipaji." "Wenzangu wananizidi." "Nani atasoma haya?" Kisha uulize swali moja: sentensi ipi? Ukikuonyesha sentensi, ushukuru, nenda ukairekebishe. Ukishindwa kukuonyesha, uache hukohuko nyuma, rudi kwenye hadithi. Kijana mmoja wa kidato cha pili alinijia akisema hadithi yake yote ni mbovu. Nikamwambia aninyooshee kidole palipo pabovu. Alitafuta karibu robo saa, akanionyesha aya ambayo mjomba anazama ziwani na hakuna hata mtu mmoja anayesimama ufukweni kungoja. Alikuwa sahihi, aya ile ilikuwa mbovu. Ilikuwa aya moja kati ya 14. Aliiandika upya siku hiyohiyo, akamweka shangazi ufukweni na taulo kavu mkononi.

Usingoje shaka iishe ndipo uandike. Mimi hunijia mpaka leo, kila ninapoanza ukurasa mpya, na ninaiuliza swali lilelile.

Nirudi kwenye michembe, kwa sababu watoto wengi wa Kanda ya Ziwa wanachekewa Kiswahili chao na wanaamini kwamba hadithi ni za watu wa pwani. Viazi vitamu vikikatwa vipande vibichi na kuanikwa juani, hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kukaushwa, hayo ni matobolwa. Nyumba za Usukuma zinaijua tofauti hiyo bila kuulizana. Ukiyakata maneno yote mawili na kuweka "viazi vikavu", umemnyang'anya msomaji jiko la bibi yako. Liache neno, uzipe sentensi za jirani kazi ya kulieleza: bibi alichemsha michembe mpaka ikalainika, akaiponda pamoja na karanga. Msomaji wa Tanga ameshaelewa.

Na kama sentensi inakujia kwanza kwa Kisukuma, Kijita au Kikerewe, iandike hivyohivyo, Kiswahili kitafuata. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliiandika riwaya ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa kisiwani humohumo mwaka 1944, alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, walikuwepo wajuzi waliosema hayo si mashairi. Aliendelea kuandika. Kila ninapoiona meli ya Nansio, Ukerewe, ikiondoka bandarini, nawakumbuka hao wawili, na huwa nawaonyesha vijana wangu ni upande gani wa maji walikotoka.

Kuhusu muda: dakika 20 kwa siku zinatosha, mahali palepale, kabla simu haijakuchukua. Siku ya kuandika usijihukumu. Ukimaliza, funga daftari na usilisome kwa siku saba. Siku ya nane lisome kwa sauti, hata kama ni chooni, ili wadogo zako wasikusikie. Pumzi ikikatika katikati ya sentensi, sentensi ni ndefu. Ulimi ukiruka neno bila wewe kutaka, neno hilo halikuhitajika. Masikio yako yamesikia Kiswahili miaka yote uliyoishi, yanajua mengi ambayo macho hayajajifunza.

Msomaji wa kwanza mchague kwa uangalifu. Usimpe anayekupenda kiasi cha kusema "nzuri" kabla hajafika mwisho, wala usimpe mwenye ulimi wa kuchoma. Mpe mtu mdadisi, yule ambaye ukimsimulia ajali atakuuliza gari lilikuwa la rangi gani. Usimuulize kama hadithi ni nzuri. Muulize, "Ulichoka wapi?" Kisha nyamaza. Usijitetee, usieleze ulichotaka kusema. Andika anachokujibu pembeni mwa ukurasa, kesho ndiyo utaamua kama unakubali.

Kama nyumbani wanaona unapoteza muda, maliza kwanza kazi ulizopewa, kisha msomee baba au mama ukurasa mmoja unaoihusu kazi yake. Wazazi wengi hawajawahi kusikia jasho lao likisomwa.

Mashindano yapo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hupokea pia hadithi zinazoandikwa kwa ajili ya watoto. Soma masharti yao vizuri. Ila usiipeleke hadithi ikiwa na mwezi mmoja. Iandike mara tatu kwanza.

Msichana mmoja wa barazani kwangu sasa yuko kwenye mara ya tatu. Anaandika juu ya bibi yake aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya Busisi. Juzi alimsomea bibi mwenyewe, na bibi akamkatiza kwenye mstari wa pili: chumvi haikuwa kwenye kopo, ilikuwa imefungwa kwenye vipande vya gazeti, kwa sababu kopo liliwahi kuanguka majini. Msichana hakuijua habari ya kopo kuanguka. Amekata mstari, ameacha nafasi ya nusu ukurasa, na Jumamosi ijayo anarudi kwa bibi kuuliza kopo lilianguka siku gani na nani alikuwepo.