Jinsi ya kujiandaa na mtihani wa DSC1 wa kuwinda ayala Uingereza

Mwongozo huu ni kwa ndugu zetu walioko Uingereza wanaotaka kuwinda ayala (deer) kihalali na hawajui waanzie wapi. Cheti chenyewe kinaitwa Deer Stalking Certificate Level 1, ila kila mtu anasema DSC1. Kinasimamiwa na Deer Management Qualifications, na mtihani unafanyika kwenye vituo vilivyoidhinishwa, vikiwemo vya BASC (chama cha uwindaji wa bunduki na uhifadhi) na British Deer Society. Sheria haikulazimishi kuwa nacho. Lakini mwenye shamba asiyekujua hana sababu ya kukuachia msitu wake uingie na bunduki, na polisi wanaotoa leseni watakuhoji zaidi kuliko jirani yako aliyekulia shambani. Kwa mtu aliyetoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, au aliyekulia mjini Dar es Salaam na hajawahi kushika bunduki, cheti hiki ndicho kinachomsemea.

Anza na makaratasi ya polisi

Huhitaji leseni ya bunduki ili ufanye mtihani. Vituo vingi vinakukodisha bunduki yao siku hiyo, chini ya usimamizi. Kwa hiyo watu hufanya mtihani, wanafaulu, halafu ndipo wanaanza kufuatilia leseni, na miezi inakwenda huku yale waliyojifunza yanafifia. Ushauri wangu: siku unayolipia mtihani, siku hiyohiyo anza kukusanya makaratasi.

Karatasi ya kwanza ni ya daktari. Tangu Novemba 2021 polisi hawatoi leseni mpaka daktari athibitishe historia ya afya yako, na kazi hiyo daktari ana haki ya kukutoza. Kliniki niliyojiandikisha ilipokea fomu yangu, ikakaa nayo wiki baada ya wiki, kisha ikanijulisha kuwa madaktari wake hawajazi fomu za silaha kwa sababu za dhamira. Hiyo ni haki yao, sina ugomvi nayo. Kinachouma ni kwamba jibu hilo lingeweza kutolewa pale mapokezi, siku ile ile. Ikanibidi nimtafute daktari binafsi anayefanya kazi hiyo, naye akahitaji muhtasari wa faili langu kutoka kliniki ileile, foleni ikaanza upya. Basi kabla hujapeleka chochote, piga simu na uulize waziwazi: mnajaza fomu ya polisi ya leseni ya silaha, na mnatoza kiasi gani? Jibu likiwa hapana, omba muhtasari wa faili lako siku hiyohiyo.

Karatasi ya pili inatuhusu sisi tuliohamia. Mimi niliombwa cheti cha tabia njema kutoka nyumbani. Anayetoka Kenya anaijua fomu ya C24 yenye alama za vidole vyote kumi. Tanzania nako ni polisi, nako ni vidole. Ukiwa Uingereza inabidi vidole vichukuliwe huku na fomu isafirishwe. Yangu ilirudishwa kwa sababu wino ulikuwa hafifu kwenye vidole viwili, na aliyenipaka wino hakuona tatizo lolote. Simama pale pale, tazama kila kidole kwenye mwanga: mistari iwe inahesabika, pasiwe na doa jeusi wala sehemu tupu. Ukiona haieleweki, omba fomu nyingine kabla hujaondoka. Chukua fomu mbili ukiweza, moja ubaki nayo.

Mengine ni ya kawaida: wadhamini wawili wasio ndugu zako wanaokufahamu kwa angalau miaka miwili, kabati la chuma lililofungwa ukutani, na ada ambayo tangu Februari 2025 ni pauni 198 kwa leseni mpya ya miaka mitano. Linalohitaji maandalizi ni sababu ya msingi ya kumiliki bunduki. Kusema unapenda kuwinda hakutoshi. Polisi wanataka barua ya mwenye ardhi inayosema una ruhusa ya kuwinda ayala pale, au ushahidi kwamba unakwenda kuwinda kwa kulipia na mwenyeji anayetambulika.

Kujifunza kuwatambua ayala

Sehemu ya maandishi ina maswali ya kuchagua jibu, yakiwemo ya usafi wa nyama. Mwongozo wa kusomea unatumwa mapema, na ukiusoma kwa utulivu maswali hayo hayakushindi. Mtu aliyekulia hapa ana faida moja kubwa juu yetu: amewaona wanyama hawa tangu utoto. Kwenye mtihani wa picha unaonyeshwa ayala na kutakiwa kumtaja aina yake, na hapo kukariri hakukuokoi.

Aina ni sita: ayala mwekundu, ro, falo, sika, muntijaki na ayala wa maji wa China. Mwekundu na ro ni wa asili ya visiwa hivi, wengine waliletwa. Kosa la wengi ni kutazama pembe. Madume huangusha pembe kila mwaka, majike hawana, na ayala wa maji hana pembe kabisa, dume wala jike. Dume lake lina meno marefu yanayotokeza mdomoni. Ukitegemea pembe, nusu ya picha zitakushinda. Anza na matako na mkia.

Ro ana matako meupe na hana mkia unaoonekana. Pua nyeusi, kidevu cheupe. Ayala mwekundu ni mkubwa, matako yake yana rangi ya malai. Muntijaki ni mdogo, mgongo umepinda, na akishtuka husimamisha mkia, upande wa chini mweupe ukaonekana kwa mbali. Ugumu uko kati ya falo na sika, kwa sababu wakati wa kiangazi wote wawili huwa na madoa na wote wana weupe nyuma uliozungushiwa weusi. Mtazame falo vizuri: mkia wake ni mrefu, mweusi kwa juu, na hautulii, unapepea muda wote anapokula. Mkia wa sika ni mfupi na mweupe zaidi. Shuka kwenye mguu wa nyuma, chini kidogo ya kifundo: sika ana tezi yenye manyoya meupe, kama mtu amempaka chokaa kwa kidole. Kisha uso: sika huonekana amekunja kipaji. Ukishayaona hayo matatu kwa mnyama hai, hutayasahau.

Ndiyo maana nasema nenda ukawaone. Wakazi wa London wana Richmond Park, ambako ayala wamekuwepo tangu mfalme Charles wa Kwanza alipoizungushia ukuta mwaka 1637. Mwekundu na falo wote wapo, na kuingia ni bure. Beba darubini ya mkononi, kaa mbali mita 50 au zaidi, na ujipime: mtaje mnyama kabla hajageuza kichwa. Sika, muntijaki na ayala wa maji utawapata kwenye bustani ya Woburn, Bedfordshire. Nenda kiangazi na urudi majira ya baridi, maana manyoya hubadilika na picha za mtihani haziji za msimu mmoja.

Sheria: jifunze sababu, tarehe zitafuata

Kwa England na Wales sheria kuu ni ya ayala ya mwaka 1991. Uskoti wana yao ya 1996, na tofauti zake zinaulizwa. Watu hukariri tarehe za misimu iliyofungwa na kuzichanganya. Ukijua sababu, hutachanganya. Majike wa karibu aina zote England na Wales hawawindwi kuanzia Aprili 1 hadi Oktoba 31, kwa sababu wanabeba mimba kubwa, wanazaa na kunyonyesha. Ukimuua mama, ndama anakufa kwa njaa mahali usipomwona. Dume la mwekundu, falo na sika linafungwa Mei 1 hadi Julai 31. Dume la ro linafungwa Novemba 1 hadi Machi 31. Muntijaki hana msimu uliofungwa, maana huzaa mwaka mzima. Ndiyo maana wawindaji waungwana humchagua jike mwenye mimba iliyo wazi, ambaye kwa kawaida hana mtoto mchanga anayemtegemea. Uskoti waliondoa msimu wa kufunga kwa madume mwaka 2023.

Usiku hauruhusiwi: kuanzia saa moja baada ya jua kutua hadi saa moja kabla ya jua kuchomoza. Na bunduki ina kiwango chake: kwa ayala wakubwa na ro England na Wales, kipenyo kisipungue inchi .240 na nguvu isipungue futi-pauni 1,700. Muntijaki na ayala wa maji wanaruhusiwa .220 na futi-pauni 1,000. Uskoti wanapima pia uzito na kasi ya risasi, kwa hiyo andika jedwali lako la nchi mbili kwa mkono wako mwenyewe.

Usafi wa nyama

Hapa wengi wetu tuna nafuu. Aliyekulia kwenye mifugo anajua kimeta, anajua ugonjwa wa miguu na midomo, anajua kifua kikuu cha ng'ombe. Hayo ndiyo magonjwa mtihani unayotaka uyatambue na kuyaripoti. Cha kuongeza ni tezi za limfu: ziko wapi, zikivimba au zikiwa na usaha zinaashiria nini, na kwamba unaanza kumchunguza mnyama angali hai, anavyotembea na anavyosimama. Mzoga upoe hadi nyuzi 7 za selisiasi au chini yake. Ukifaulu unatambulika kuwa mwindaji aliyefunzwa, na unaweza kusaini tamko linaloambatana na mzoga unapouzwa.

Ndugu zangu Waislamu, swali la uhalali wa nyama mtalipeleka kwa shehe wenu, na mlipeleke kabla ya siku ya kwanza porini. Kwenye mtihani, ukiulizwa kuhusu ayala aliyejeruhiwa, jibu linalotarajiwa ni risasi ya pili iliyo salama, haraka iwezekanavyo.

Mtihani wa usalama

Sehemu hii ndiyo ninayotaka uipe muda kuliko zote. Mtahini anakuweka katika hali mbalimbali za porini na kukuuliza: unapiga au hupigi, na kwa nini? Ayala amesimama juu ya kilele, nyuma yake mbingu tupu. Ayala yuko vizuri, lakini mwenzake yuko nyuma yake kwenye kivuli. Kuna njia ya waenda kwa miguu nyuma ya ua. Kuna jiwe kubwa pembeni ambalo linaweza kurudisha risasi. Mara nyingi jibu sahihi ni hapana, na mtu aliyekuja na hamu ya kuonyesha kwamba anajua kulenga huliona gumu.

Jizoeze kusema kwa sauti. Nyuma yake kuna udongo wa kuzuia risasi? Mbele yangu kuna tawi? Kuna mtu, mbwa, nyumba, barabara? Nimemtambua aina na jinsia? Mtahini hawezi kusoma mawazo yako. Usipotamka, hakuna cha kukupa alama. Vilevile bunduki: kila unapoipokea, unapoikabidhi, na kabla ya kuvuka ua au mtaro, unaifungua, unaangalia chumba cha risasi kwa macho na kugusa kwa kidole, unamwonyesha mwenzako. Fanya hivyo hata kama aliyekukabidhi ameifungua mbele yako sasa hivi. Mazoezi haya yanafanyika nyumbani na ufagio.

Kupiga shabaha

Kwanza risasi 3 kutoka mita 100, zote ndani ya duara la inchi 4. Kisha shabaha yenye umbo la ayala: risasi 2 ukiwa umelala mita 100, 2 ukiwa umekaa au umepiga magoti mita 70, na 2 ukiwa umesimama mita 40, zote ziingie eneo la moyo na mapafu. Fimbo za kuegemea zinaruhusiwa, zitumie. Ukikodi bunduki ya kituo, omba mapema muda wa kuizoea: urefu wa kitako, uzito wa triga, mahali jicho linapokaa kwenye darubini. Niliyemwona akihangaika siku yetu alikuwa mtu mrefu aliyepewa bunduki yenye kitako kifupi, na hakuna aliyemuuliza. Alipobadilishiwa, risasi zake zilikusanyika.

Mita 40 ukisimama ndipo mikono hutetemeka. Fanya mazoezi ya kusimama na fimbo sebuleni bila bunduki, miguu ikiwa imepanuka, ukipumua nje taratibu.

Baada ya kufaulu

Cheti kikija, kitume kwa polisi kama nyongeza ya maombi yako hata kama hawajakiuliza. Leseni ya kwanza mara nyingi hutolewa na sharti kwamba uwinde kwenye ardhi ambayo polisi wameikubali tu, kwa hiyo kila ukipewa ruhusa ya shamba jipya, uliza kwanza kama limeshakaguliwa. Usinunue bunduki ya gharama bado. Lipia kwanza matembezi kadhaa na mwongozaji mzoefu, ikiwezekana mtu aliyeidhinishwa kuwa shahidi wa DSC2, maana daraja hilo la pili linahitaji uwinde ayala 3 mbele ya shahidi kama huyo, kuanzia kumtafuta hadi kuning'iniza nyama. Nenda naye Novemba, msimu wa majike ukishafunguliwa na majani yameanguka, unapoweza kumwona ayala mapema kabla yeye hajakuona.